Kobe Wetu Hakuanguka

Katika Shujaa Okonkwo, tafsiri ya Clement Ndulute ya riwaya ya Chinua Achebe, Ekwefi anamsimulia bintiye Ezinma kwa nini gamba la kobe si laini. Kobe aliazima manyoya kwa ndege, akapaa nao karamuni mbinguni, akawazidi ujanja. Ndege wakachukua manyoya yao. Akaanguka, gamba likapasuka, mganga akaviunga vipande.

Nilimsomea binti yangu kisa hicho usiku mmoja wa baridi huku Leicester tunakoishi. Ana miaka minane. Nilipofunga kitabu alitazama tangi la kioo lililo pembeni ya kochi, akaniuliza: "Baba, wa kwetu naye alianguka lini?"

Nikakosa jibu. Wa kwetu ni sulcata, kobe wa Saheli, kusini mwa Sahara. Tulimnunua akiwa hajazidi ukubwa wa limau, mgongo wake laini kama kokoto ya pwani. Baada ya miaka miwili kila kigae cha gamba kilikuwa kimeinuka kama kichuguu. Mama yangu alimwona kwenye simu akiwa Zanzibar, akacheka: "Mwanangu, huyo kobe au fenesi?" Mama amezoea wale majitu wa kisiwani Changuu walioletwa kutoka Visiwa vya Shelisheli. Nilipopelekwa kuwaona utotoni, nilikumbuka migongo yao kama mabakuli yaliyofunikwa.

Kwanza nilijitetea. Si nilikuwa nampenda? Muuza duka alituambia huyu ni mnyama wa jangwani, unyevu utamwua. Basi nikamwekea mchanga mkavu, taa ya joto juu ya kichwa, na hita ya nyumba ikiwaka toka Oktoba mpaka Aprili. Ukiingia sebuleni midomo inakupasuka. Nikajisifu kabisa kwamba nimemletea Sahara.

Daktari wa wanyama alimpapasa taratibu, kisha akampiga eksirei. Ndipo nilipojifunza kwamba gamba si nyumba aliyoibeba kobe. Ni mifupa yake mwenyewe, mbavu na uti wa mgongo vimeungana nalo, na juu yake kuna vigae vya kitu kilekile kinachotengeneza kucha zetu. Ukiligusa, anahisi. Yaani muda wote ule alikuwa anaota vichuguu kwenye mifupa yake, mimi nampiga picha.

Zipo sababu zaidi ya moja. Kobe akikosa kalsiamu, au akikosa miale ya jua inayomwezesha kutengeneza vitamini D, mifupa hulegea na gamba hubonyea. Kumweka dirishani hakusaidii, maana kioo cha kawaida huzuia miale hiyo. Kwa wetu, mifupa ilikuwa migumu. Nikadhani basi ni chakula, tumemshibisha kupita kiasi, kama kobe wa hadithi. Daktari akatikisa kichwa. Mwaka 2003 watafiti wawili wa Vienna, Wiesner na Iben, walichapisha matokeo ya kulea vitoto 50 vya sulcata kwa miezi 5, wakibadilisha protini na unyevu. Protini ilichangia kidogo tu. Vilivyokaa kwenye hewa kavu ndivyo vilivyoota vichuguu virefu zaidi.

"Lakini huyu ni wa jangwani," nikang'ang'ana.

Akaniambia kobe wa Saheli hakai juani kutwa. Huchimba shimo, na humo ndani udongo una unyevu. Nilikuwa nimemletea jua la Sahara nikasahau shimo lake.

Jamani, niliona haya. Kile kisa kinampa kobe kosa: alikuwa mlafi, akaadhibiwa. Wetu hakula karamu ya mtu. Na hakuna mganga wa kumuunga, kwa sababu kigae kilichoinuka hakirudi chini.

Tukaondoa mchanga. Sasa analala juu ya makumbi ya nazi yaliyolowanishwa, na kila asubuhi binti yangu humwogesha kwenye karai la maji ya uvuguvugu. Mama alipoona pakiti ya makumbi nusura aanguke kitini. "Mnauziwa makumbi? Huku tunayafukia mchangani!" Baadaye akatulia, akasema anaona haya kwa lile neno la fenesi.

Gamba hukua kwenye kingo za kila kigae. Ukilitazama karibu sana, leo utaona mstari mwembamba kuzunguka kila kichuguu, wa rangi nyepesi, na uko bapa.

Binti yangu nilimjibu wiki tatu baada ya swali lake. Nilimwambia hakuanguka popote, ni mimi nilimlea pakavu. Alifikiri kidogo, akauliza, "Ulimwomba radhi?" Nikasema bado. Akalisogeza karai mbele yangu, akanipa kitambaa.