Rejeta ya mama

Tulikuwa tunapita nyumba kwa nyumba kuhamasisha usafi, tukaingia kwa mama mmoja anayepika lutuku. Pipa liko motoni, mvuke unapoozwa ndani ya rejeta ya gari bovu. Tukanyamaza. Wengine wetu madaftari yetu yalinunuliwa kwa pesa ya lutuku hiyo hiyo.

Lakini rejeta nyingi za zamani zimeunganishwa kwa lehemu yenye risasi. Pombe ikipita humo inabeba risasi, na huwezi kuiona wala kuinusa. Inaharibu damu, figo na ubongo, na kwa mtoto aliye tumboni ndiyo balaa zaidi. Hata ndoo ya mabati si ya kuchachishia pombe: uchachu unakula zinki, mnywaji anatapika.

Kesho yake tukarudi, tukamweleza taratibu. Akatuuliza, "Sawa wanangu, nikiiondoa, wadogo zenu watakula nini?" Jibu hatukuwa nalo.

Ndugu wa mashirika, kumwaga pombe ya mama peke yake hakutoshi, msaidieni apate biashara nyingine. Na sisi vijana tusinyamaze tena. Leo ukifika nyumbani, angalia mvuke unapita wapi.