Kabla ya Kushika Bisibisi

Itetemia, Tabora

Kwa mpwa wangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Cherehani ya marehemu bibi yako imegoma, fundi wa hapo Mpanda kasema imekufa, na mnunuzi wa chuma chakavu keshataja bei ya kilo. Jambo hili halimaliziki kwenye simu, ndiyo maana nakuandikia. Usiiuze.

Kwanza ukijue ulichonacho. Kwenye kitako cha mashine, upande wa kulia, ipo namba inayoanza na herufi EH. Hiyo ni Singer iliyoundwa Clydebank, Scotland, katika kiwanda kilichofungwa mwaka 1980. Usiogope kusikia kiwanda hakipo. Yako ni ya aina ya 15, na Wachina na Wajapani waliiiga sana aina hiyo. Sindano, bobini na kesi ya bobini zinazouzwa kwa ajili ya Butterfly zinaingia humo bila ubishi.

Mji wetu umezoea vitu vya mbali. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, merikani na kaniki zilikuja mabegani mwa wapagazi wa Kinyamwezi kutoka Bagamoyo, safari ya miezi. Kilichoharibika kilitengenezwa hapa hapa, kwa kuwa kingine kilikuwa bado kiko njiani. Bibi yako alilelewa na watu wa namna hiyo, na cherehani yake aliifungua mwenyewe.

Mashine kama hii haifi kwa uzee. Inauawa na vumbi, mafuta yasiyo yake, na mkono wenye haraka. Kwa hiyo fuata mpangilio: anza na kisicho na gharama, cha gharama kije mwisho. Fundi anayeanza kwa kufungua kila skrubu hajui anatafuta nini.

Badilisha sindano. Iliyopinda kidogo tu huruka mishono, na kwa macho huwezi kuona kuwa imepinda. Tumia namba 14 kwa kitenge, 16 kwa kaki, 18 kwa jinzi. Mfuo mrefu wa sindano uelekee upande ambao uzi unaingilia tundu.

Kisha toa uzi wote, utunge upya, na mguu unaokandamiza kitambaa uwe umeinuliwa. Mguu ukiwa chini, visahani vya kukaza uzi vimefumba, uzi hauingii katikati yake, na matokeo yake ni lile fundo unaloliona chini ya kitambaa. Watu hulaumu bobini, kumbe kosa liko juu.

Bado imegoma? Ondoa bati la sindano, toa kesi ya bobini, usafishe manyoya ya uzi kwa mswaki mkuukuu. Yakishindiliwa kati ya meno yanayosukuma kitambaa, meno hayapandi na nguo haiendi. Kama gurudumu la mkono ni zito, kuna mafuta ya zamani yaliyokauka yakawa gundi. Tia matone ya mafuta ya taa kwenye vitundu vya ndani, zungusha taratibu, futa, kisha acha hadi kesho urudie. Yasiguse yale maua ya dhahabu mwilini mwa mashine, yatayabandua. Gundi ikitoka, weka mafuta ya cherehani, tone moja kila kitundu. Usiweke ya alizeti wala ya injini, hata siku moja. Kabla ya kugusa nguo ya mteja, shona kitambara mpaka mafuta yakome kutoka.

Mkanda wa ngozi haupakwi mafuta. Ukilegea, unakanyaga pedali na gurudumu la juu halifuati. Kata kipande kidogo, toboa tundu jipya, rudisha kile kibano cha waya. Na ukikanyaga, gurudumu la juu lizunguke kuja kwako. Likienda kinyume, uzi utajisokota papo hapo.

Ukishamaliza hayo ndipo ushike skrubu za kukaza uzi. Vitanzi vikionekana chini ya kitambaa, uzi wa juu umelegea. Vikionekana juu, wa juu umekazwa mno au wa bobini umelegea. Weka alama ya kalamu mahali skrubu ilipokuwa, uizungushe kidogo sana, ushone, utazame. Ile ndogo ya kwenye kesi ya bobini iache iwe ya mwisho. Ndoana inayokamata uzi wa sindano usiisogeze kabisa mpaka nije.

Yote hayo yaandike. Mali bila daftari hupotea bila habari, na cherehani ni mali. Andika ulichobadilisha, ulinunua wapi, na ilianza kulia lini. Ukizoea, utaujua mlio wake mzuri, na ukibadilika utasimama kabla hakijavunjika kitu.

Yule fundi usimtukane. Huenda anajua za umeme tu, na hizo zina shida zake. Yako haiulizi LUKU, na siku mtaa mzima umekatiwa umeme wewe utakuwa unakunja pindo la sare za shule. Watu wakikushawishi uifungie mota, subiri kwanza uijue kwa miguu. Kwa pedali unaisimamisha kabla sindano haijafika kwenye pini uliyoisahau.

Ukifika kwenye skrubu na bado inasumbua, usinipigie kunisimulia. Chukua kipande cha kaki, ushone mstari kwa uzi mweupe juu na mwekundu chini, unitumie kwa mtu anayepanda treni kuja Tabora. Nikikigeuza pande zote mbili nitajua tatizo liko wapi, na nitakujibu.

Wasalaam,
Mjomba wako