Huruma Pekee Haifundishi

Watu wengi hudhani kwamba mwalimu wa watoto wasioona au wasiosikia hahitaji kitu zaidi ya moyo wa huruma. Huruma ni njema, lakini mtoto hakuja shuleni ahurumiwe, alikuja asome. Mwalimu asiyejifunza kazi hii huweza kumhesabu mtoto mwerevu kuwa mjinga, na hukumu hiyo ikamfuata mtoto maisha yake yote.

Yako mambo madogo ambayo mwalimu hana budi kuyajua. Mtoto kiziwi aangaliaye midomo hawezi kupambanua "mama," "baba" na "papa," kwa maana midomo hufumbwa namna moja katika maneno yote matatu. Basi mwalimu anenaye huku ameuelekea ubao amelinyima darasa somo zima. Yampasa awaelekee wanafunzi, mwanga uwe usoni pake, na mikono yake iijue barabara lugha ya ishara. Kadhalika maandishi ya Breli: alama zote hutokana na nukta sita tu, lakini azitoboaye kwa mkono juu ya bamba huanza kuliani kwenda kushotoni, kisha huigeuza karatasi ndipo isomeke. Hayo hayaji kwa nia njema. Huja kwa mazoezi.

Kazi ngumu kupita zote ni ya kumfundisha mtoto asiyeona wala kusikia. Hapo mikono ndiyo macho, nayo ndiyo masikio. Mwalimu huiweka mikono yake chini ya mikono ya mtoto, wala haishiki kwa nguvu, ili mtoto awe huru kufuata au kujitoa. Kabla ya uji humpa kikombe akipapase, kila siku kikombe kile kile, mpaka mtoto atambue kwamba chakula ki karibu.

Mwezi wa Machi 1887, Anne Sullivan alifika Alabama, Marekani, kumfundisha Helen Keller. Baada ya mwezi mmoja hivi, maji ya bomba yakitiririka juu ya mkono mmoja wa mtoto, na herufi za neno "maji" zikiandikwa kwa vidole katika mkono wa pili, Helen alitambua kwamba kila kitu kina jina. Wengi waliita muujiza. Lakini Sullivan alikuwa amejifunza alfabeti ya vidole katika shule ya Perkins, Boston, na kutumia miezi akisoma taarifa za Daktari Howe juu ya Laura Bridgman, msichana kiziwi asiyeona aliyefundishwa huko zamani. Muujiza ulitanguliwa na kazi.

Katika Kenya, Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya vipofu Thika mwaka 1946, na taasisi ya kuwafunza walimu wa elimu maalum ilianzishwa Nairobi mwaka 1986. Njia basi ipo. Mzazi asimfiche mtoto wake nyuma ya nyumba, wala mwalimu asione haya kurudi darasani. Afundishaye kwa mikono hana budi kwanza mikono yake ifundishwe.