Diski Ndani ya Kikoi

Mwaka 2019 nilisafiri kutoka Unguja kwenda Maskati nikiwa na diski ya kompyuta niliyoiviringisha ndani ya kikoi. Ukubwa wake ulikuwa kama msahafu mdogo wa mfukoni, na uzito haukuzidi wa embe moja. Sanduku langu la nguo nililikabidhi kwa wapokea mizigo bila ya kuliangalia mara mbili. Kikoi nilikikumbatia kama mwenye kubeba mtoto mwenye homa.

Ndani ya diski mlikuwa na sauti ya bibi mmoja wa Pemba, msomaji wa tenzi, mwenye mahadhi ambayo sijapata kuyasikia kwa mwengine. Nilimrekodi baina ya mwaka 1989 na 1992, nikiwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, kwa redio ya kuazima. Zilipatikana kanda 11. Bibi alipofariki kanda zikabaki kwangu, nami, Mungu anisamehe, nikazikalia kama kuku juu ya mayai viza. Kila aliyeniomba nakala nilimwambia asubiri, sijamaliza kuzinukuu. Rafiki yangu mmoja wa Mombasa, mwalimu asiyechoka kubisha hodi, ndiye pekee aliyenishinda kwa maneno. Nilimnakilia kanda 4, tena kwa shingo upande.

Kanda za asili zilipoanza kuota ukungu, sauti yote niliihamishia kwenye diski, na kanda zenyewe nikazitupa. Nilijiona mtu wa zama mpya. Mwaka 2011 nikaenda nayo London, ambako nilitaka kuzitazama hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu na kuhifadhiwa katika maktaba ya SOAS. Nilikaa mbele ya karatasi zile nikinung'unika moyoni: vipi maneno ya wazee wetu yamevuka bahari, nasi tuyafuate kwa viza na kitambulisho? Manung'uniko hayo sijayaacha hata leo. Lakini karatasi zilikuwa nzima, wino wake unasomeka, na yeyote mwenye haja alipewa azitazame.

Wakati wa kurudi, mkoba wa mkononi niliujaza zawadi za watoto, diski nikaitia ndani ya sanduku kubwa, baina ya viatu viwili. Nilifika nyumbani jioni ya joto la Machi. Nilifungua sanduku, diski ingali baridi, nikaichomeka kwenye kompyuta papo hapo. Ikalia tik, tik, tik, kama mjusi kafiri wa darini, kisha ikanyamaza. Mafundi watatu waliifungulia macho, hakuna aliyeifungua kinywa. Sikumlaumu mpagazi yeyote, kwani mpaka leo sijui kama iliuawa na kishindo njiani, au niliiua mwenyewe kwa pupa: chombo kikitoka kwenye baridi na kuingia kwenye hewa yetu ya maji maji, umande huweza kutanda ndani yake, na wajuzi hushauri kiachwe kwanza kipate joto la chumba. Zilizosalimika katika kanda 11 ni zile 4 za Mombasa.

Hizo 4 ndizo nilizokuwa nikizipeleka Maskati. Binti wa marehemu anaishi huko tangu alipoolewa mwaka 1996, na habari zilikuwa zimemfikia kwamba iko sauti ya mama yake kwa mtu fulani wa Unguja.

Pale uwanja wa ndege nilimsihi mkaguzi, binti mdogo wa makamo ya mwanangu, asiipitishe diski kwenye eksirei.

"Kwani ina nini, mzee wangu?"

"Sauti ya bibi mmoja, mwanangu. Asomea tenzi."

"Basi bibi naye apite kama abiria wengine," akasema, na kikoi kikaingia ndani ya mashine.

Kumbe hofu yangu ilikuwa ya bure. Fundi mmoja kijana wa Darajani alinifahamisha baadaye, na niliyojisomea mwenyewe yakaafikiana naye, kwamba diski huhifadhi mambo kwa alama za sumaku, na eksirei haiziondoi alama hizo. Filamu za kamera za zamani ndizo huharibika, hasa kwa eksirei kali inayopigiwa masanduku ya chini. Adui wa diski ni kishindo.

Nitamwomba msomaji wa mashairi anivumilie kidogo hapa, kwa sababu namna diski inavyofanya kazi ilinipendeza kuliko nilivyotarajia. Ndani yake mna sahani zenye utando wa sumaku, na juu ya sahani kichwa kidogo cha kusomea. Sahani huzunguka, katika diski nyingi za mkobani mara 5,400 kwa dakika, na upepo wa mzunguko huo hukibeba kichwa kikaelea bila ya kuigusa, kwa mwanya mwembamba mno kuliko unywele. Kichwa kinaruka. Kwa hiyo hewa ikiwa haba hakibebeki, na watengenezaji wengi huweka mpaka wa kuiwasha, yapata mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Ndege hupaa mita 10,000 na zaidi, ila hewa ya chumba cha abiria hushindiliwa isiwe nyepesi kupita ile ya mlima wa mita 2,400 hivi. Diski iliyozimwa nayo hukilaza kichwa chake mahali pa salama, ikastahimili misukosuko mingi kuliko inapozunguka. Niliizima, nikaipakata.

Diski ya kwanza ya aina hii, iliyotolewa na kampuni ya IBM mwaka 1956, haikupakatika. Ilikuwa na sahani 50, kila moja upana wa inchi 24, na mashine nzima ilikaribia tani moja. Nimeiona picha yake ikipandishwa ndegeni kwa mtambo, watu wameizunguka kama wanaopakia ng'ombe jahazini. Ilibeba herufi milioni 5. Nilipiga hesabu: ubeti wa utendi, mizani 32, hauzidi sana herufi 75, basi zingeingia beti zaidi ya 60,000. Hakuna mtunzi wa kwetu ambaye angeijaza.

Tulifika Maskati usiku. Kesho yake, baada ya kahawa na halua, diski ikachomekwa, safari hii baada ya kulala chumbani usiku kucha. Sauti ikatoka. Nyuma yake, kama siku zote, ukasikika mchi ukigonga kinu. Mchi huo ulinikera miaka yote; ulikuwa haufuati mizani, na kabla ya safari nilikuwa nimemwomba yule fundi wa Darajani aufute. Alijaribu, akaona kila akiugusa sauti ya bibi inakonda, akauacha. Nikaona haya, nikaanza kumtaka radhi mwenyeji wangu kwa kelele zile.

Akaninyamazisha kwa mkono. Alisikiliza mpaka mwisho wa beti za dua, kisha akaomba turudi nyuma kidogo, pale mchi ulipokatika na mama yake akakatisha utendi kusema neno moja ambalo mimi, katika kunukuu kwangu kote, niliandika kuwa halisikiki.

"Ananiita," alisema. "Anayetwanga ni mimi."

Nilikuwa nimekwenda na nia ya kumwachia nakala na kurudi na diski yangu. Niliiacha diski, pamoja na kikoi chake.