Oili Iliyotafuta Njia

Mjomba wangu ana Land Rover ya Series III, aina iliyoundwa Uingereza toka mwaka 1971 hata 1985. Kwa gari hilo huteremsha kabichi na karoti kutoka Lushoto mpaka Mombo, nalo ndilo linalolisha nyumba mbili, yake na ya mama yangu. Kwa muda wa mwaka mzima lilivuja oili. Kila asubuhi tulikuta dimbwi chini yake, na kila safari ya tatu mjomba alinunua lita moja ya kuongeza.

Gereji moja ilikwisha badili sili ya nyuma ya injini, kazi inayolazimu kushusha gia boksi nzima. Mjomba alilipa fedha nyingi, na baada ya majuma mawili oili ikarudi pale pale. Basi akatafuta mnunuzi wa gari.

Likizo ya Juni alikuja jirani yetu, mzee aliyekuwa fundi wa malori. Hakushika spana. Aliniamuru niioshe injini yote kwa brashi na mafuta ya taa, niikaushe, kisha niinyunyizie poda. "Mjukuu wangu," akasema, "oili haitoki pale inapodondokea." Kwani huteremka, na upepo wa safarini huipeleka nyuma.

Tukaenda Soni na kurudi. Tulipofungua boneti, poda ilionyesha michirizi kutoka gasketi ya kifuniko cha juu, na mingine kwenye sili mpya. Mjomba akaguna, "Mzee, sasa yamekuwa mawili!" Mzee akajibu, "Mwenye kusukuma ni mmoja."

Akatueleza kwamba katika kila injini gesi kidogo hupenya kando ya pistoni na kuingia tumboni. Injini ikichakaa, hupenya nyingi zaidi. Kwa hiyo imewekewa tundu la kupumulia. Alifungua kofia yake, na wavu wa waya uliomo ndani ulikuwa umezibwa kwa uchafu mweusi kama lami. Hapo nilikumbuka somo la Fizikia: gesi iliyofungiwa husukuma kila upande. Ikikosa njia yake, huitoa oili penye udhaifu wo wote, hata sili ikiwa mpya.

Tuliosha wavu kwa petroli, mbali na moto, tukazibua mpira wake na kubadili gasketi ya juu tu. Sili hatukuigusa. Hadi nilipofunga sanduku kurudi shuleni, mjomba hakuwa ameongeza hata nusu lita. Matone machache yangalipo, lakini gari haliuzwi tena.

Tumezoea kuambiwa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, lakini gari hili lilizibwa ufa kwa gharama kubwa, na lililohitaji ni kuzibuliwa. Wenzangu ambao wazee wenu wana magari ya zamani, kagueni tundu la kupumulia kwanza, kabla fedha ya nyumbani haijaishia gereji.

Mwanafunzi, Kidato cha IV