Mfugaji wa Tosamaganga

Ndugu msomaji, ukijaliwa likizo ukafika Iringa, usiishie sokoni na kwenye jiwe la Gangilonga. Shika barabara iendayo Kalenga na Hifadhi ya Ruaha. Kabla hujatimiza kilomita 20 utaweza kupanda hadi Tosamaganga, penye kanisa la zamani, hospitali na shule. Wenyeji husema jina hilo maana yake ni kutupa mawe. Wabenediktini walianza misheni hapa mwishoni mwa karne ya 19, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wakonsolata kutoka Italia wakaipokea kazi hiyo. Hayo yamekwisha andikwa na wengi. Mimi nakuomba ugeuke uyatazame malisho.

Bondeni hupita mto Ruaha Mdogo, na kandokando yake ndipo ilipokuwa Kalenga, ngome ya Mtwa Mkwawa, iliyotekwa na Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894. Aghalabu Mkwawa hukumbukwa kwa ushindi wa Lugalo wa mwaka 1891. Husahauliwa kwamba enzi ile ilisimama pia juu ya kwato: ng'ombe alikuwa nyara, mahari na tunzo ya askari hodari. Na miaka ileile sotoka ilipita Afrika Mashariki, ikafagia mazizi kuliko bunduki yoyote. Fuvu la Mtwa lilirudishwa mwaka 1954, nalo limehifadhiwa Kalenga katika jumba la makumbusho. Wachungaji wake hawana jumba.

Basi nikusimulie habari za mchungaji mmoja, kama nilivyosimuliwa na majirani zake. Jina lake silitaji. Jamaa zake hawakuniomba nilitangaze gazetini.

Utotoni alisifika kwa kupanda mafahali. Huko Marekani mchezo huo hulipiwa kiingilio, na mpandaji hutakiwa kudumu sekunde 8 akijishika kwa mkono mmoja. Ndugu zetu wa Pemba nao wana mchezo wa ng'ombe, ila wao humchokoza fahali kwa nguo wakamkwepa. Kijana wetu hakuwa na watazamaji ila wachunga wenzake pale mtoni. Na ng'ombe wa kienyeji si mnyama mwepesi kupandwa: ngozi ya mgongo wake imelegea, humtelezesha mpandaji huku na huku, na pa kushika ni nundu tu. Alianguka mara nyingi, akavunjika mkono, akapanda tena.

Utu uzima ulipomjia, ushupavu ule akautia katika kufundisha maksai. Kazi hiyo, msomaji, yataka subira kuliko nguvu. Maksai kijana hufungwa nira pamoja na mzee aliyekwisha zoea, wakaburuta gogo siku baada ya siku, mtoto akitangulia mbele na kamba. Plau huja baadaye. Kila mmoja alimpa jina kwa tabia yake, naye aliitika. Siku hizi trekta ndogo za mkono zimeingia, nazo hazihitaji majani. Lakini hazizai samadi, na zikiharibika husubiri fundi wa mjini.

Mvua zilipokaribia, jozi yake ya kwanza ilikwenda kwa wajane, kisha ndipo ikaingia shambani kwake. Mkewe alilalamika miaka yote, na nadhani alikuwa na haki.

Alipofariki, zizini palikutwa ng'ombe wachache mno. Wanawe walisononeka, wakadhani baba ameuza mali kwa siri. Kumbe alifuata desturi ya zamani ya kuwaweka ng'ombe kwa jirani: mwenye kutunza hunywa maziwa na kutumia samadi, mwenye mali hubaki na mali yake, na maradhi yakilipiga zizi moja hayamfilisi mtu. Hakukuwa na karatasi hata moja. Baada ya matanga watu wakaanza kuja, mmoja mmoja, asubuhi na mapema, kila mtu akiswaga ng'ombe. "Huyu ni wa marehemu, na hawa ndama wake wawili."

Mjane mmoja alikuja mikono mitupu. Akasema ng'ombe yupo, ni mzima, anakamwa, ila wajukuu zake hawana maziwa mengine. Mwana mkubwa akawatazama nduguze, kisha akamwuliza ng'ombe huyo anaitwa nani. Akatajiwa jina. Akamwambia arudi nyumbani akamkamue, jua lisije likapanda.