Tangazo Nililolikunja Mfukoni



Wiki iliyopita, baada ya sala ya Isha, kamati yetu ya msikiti ilikubaliana kwamba taarifa ya hali ya hewa ibandikwe ubaoni, na isomwe baada ya sala kila panapokuwa na jambo la kutahadhari. Ni uamuzi mdogo. Lakini kwangu mimi, katibu wa kamati, umetanguliwa na kisa ambacho nimeona nikieleze, huenda kikamfaa mwenye msikiti mwengine.

Ilikuwa Ijumaa moja ya Disemba, vuli ikimalizika na kaskazi ikianza kuvuma. Sisi wa Pemba twaujua wakati huo: jua huwa kali, karafuu za mwisho huwa zimeanikwa majamvini mbele ya nyumba, na ngalawa hutoka usiku kwenda kuvua. Asubuhi hiyo niliipata katika simu taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Ilieleza kuwa kuna mgandamizo mdogo wa hewa baharini, na kwamba ukanda wa pwani pamoja na visiwa vya Unguja na Pemba utarajie mvua na ngurumo katika maeneo machache. Nikaiandika kwenye karatasi ili niisome baada ya sala, pamoja na matangazo ya maziko na michango ya madrasa.

Mzee wetu mmoja, aliyekuwa nahodha ujanani mwake, akaiona ile karatasi mkononi mwangu. "Maalim," aliniambia kwa upole, "mvua ni siri ya Mola. Tusije tukawazoesha watu kumtegemea mtabiri."

Nilinyamaza, na ningependa kusema kuwa nilinyamaza kwa heshima tu. Ukweli ni kwamba niliogopa pia. Mara mbili kabla ya hapo nilitangaza mvua, na kijijini kwetu halikuanguka hata tone. Vijana walinicheka barazani. Basi nikaikunja karatasi, nikaitia mfukoni mwa kanzu.

Siku ya pili, baada ya Adhuhuri, wingu likapanda kutoka upande wa bahari na mvua ikamwagika ghafla. Shangazi yangu, ambaye ni mjane, alikuwa amekwenda Wete kumzuru mgonjwa. Karafuu zake, zilizokwisha kukaa juani siku mbili, alikuwa amemwachia mtoto mdogo azichunge. Majirani walipofika mbio, majamvi yalikuwa yamejaa maji. Zikaingizwa ndani zikiwa zimerowa, zikarundikwa, na mvua haikutoa nafasi ya kuzianika upya hadi siku ya tatu. Kila mkulima anajua yanayofuata: karafuu mbichi ikirundikwa hupata joto, huvunda, hupoteza rangi yake na kuwa nyepesi. Zilipopelekwa kuuzwa hazikufikia daraja alilolitarajia. Fedha zile zilikuwa za ada ya binti yake.

Nilikwenda kumtaka radhi, nikamweleza juu ya ile karatasi. Alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, ulijua na hukunambia?" Sikuwa na la kujibu.

Tangu hapo nimelifikiri sana lile neno la mzee, kwa kuwa si neno la kupuuzwa. Mwisho wa Sura Luqman, Allah (s.w.) anataja uteremshaji wa mvua pamoja na mambo ya ghaibu. Na Mtume (s.a.w.), baada ya mvua ya usiku pale Hudaybiya, aliwabainishia Masahaba tofauti ya anayeinasibisha mvua na fadhila za Allah na anayeinasibisha na nyota. Lakini chuoni tulifundishwa kwamba ghaibu ni kile kisichofikiwa kwa dalili wala kwa ala. Anayepima joto, upepo na uzito wa hewa, kisha akasema yatarajiwayo, hadai ghaibu. Anasoma ada ambayo Mola mwenyewe ameiweka: hewa huelekea kule ambako mgandamizo wake ni mdogo, hupanda juu, hupoa, na mvuke wake hugeuka wingu.

Nikamwendea mzee nyumbani kwake. "Babu," nilimwambia, "ulipokuwa nahodha, ukiona wingu jeusi limesimama upande wa matlai, uliwaacha vijana watweke tanga?" Akacheka. "Ningewazuia, Maalim." Nikamuuliza kama huko kulikuwa kujua ghaibu. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Basi isome. Lakini uanze kwa inshaallah, na usiongeze neno."

Hilo la kutoongeza neno ndilo lililonifunza zaidi. Zile mara mbili nilizochekwa, kosa halikuwa la taarifa, lilikuwa langu. Taarifa ilisema maeneo machache, mimi nikatangaza kuwa mvua itanyesha. Mvua ya maeneo machache yaweza kunyesha Konde, na Chake Chake watu wakaanika nguo zao. Asiyenyeshewa hakudanganywa, ila msomaji alipunguza maneno. Kunukuu kwa uaminifu ni amana, na sisi tuliosoma elimu ya Hadithi tulipaswa kuwa wa mwanzo kulijua hilo.

Visiwa vyetu vina kumbukumbu ya dhoruba. Mwezi wa Aprili 1872, zama za Sayyid Barghash, kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa. Watu wa wakati ule hawakuwa na wa kuwaonya. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani ya Tanzania, taarifa zilitangulia kwa siku kadhaa kabla hakijafifia kikiwa maeneo ya Mafia. Baina ya matukio hayo mawili imo neema inayotaka shukrani, na shukrani ya habari ni kuifikisha.

Mtume (s.a.w.) alimuelekeza mtu amfunge ngamia wake kwanza, kisha amtegemee Allah. Kwetu Pemba, kumfunga ngamia ni kukunja jamvi mapema, ni nahodha kuulizia hali ya bahari kabla ya kung'oa nanga, ni mama kumwambia mtoto arudi mapema kutoka madrasa.

Ada ya binti wa shangazi tuliichanga sisi jamaa, na hilo halinifutii kosa. Ile karatasi bado ninayo. Nimeibandika ndani ya jalada la daftari la matangazo, ili kila Ijumaa nikilifungua niione kwanza.

Tumuombe Allah atujaalie mvua yenye manufaa, na atukinge na kuficha lililo na faida kwa ndugu zetu. Aamin.